Kabla hujamwambia mzee ana nini

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, na jioni nasoma stashahada ya ushauri nasaha. Muhula huu tuna somo moja lenye mambo manne: saikolojia ya kiutu, ya udhanaishi, ya kuvuka nafsi, na fenomenolojia. Mkufunzi anasema yote ni ukoo mmoja. Mimi undugu wao siuoni, na kusema kweli naona ni fikra za Wazungu walioshiba. Halafu kuna mzee jirani yetu, amefanya kazi stesheni maisha yake yote, zamu za usiku, sasa amestaafu. Kila usiku saa tisa anaamka, anavaa, anakaa barazani mpaka kunakucha. Chakula anakigusa tu, na maneno hana. Akiulizwa husema, "Treni inapita bila mimi." Mkewe anasema amerogwa, mwanawe anataka aombewe, mimi nasema ni sonona. Je, masomo haya yanaweza kumfaa mtu kama huyu, au ni ya kujibia mtihani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, nami naanza na la mwisho, maana huyo mzee atakuonyesha undugu wa masomo yako upesi kuliko mkufunzi wako au mimi.

Tazama mlivyojipanga. Mke ana jibu, mtoto ana jibu, na wewe muuguzi una jibu. Sisemi mmekosea, sonona, kwa maelezo yako, hata mimi naishuku. Lakini katika barua yako yote sikuona mahali mtu alipomuuliza mzee: hiyo treni, ikipita bila wewe, inakuwaje? Amesema maneno manne tu, na kila mmoja wenu ameyaruka mbio kwenda kwenye jina la ugonjwa au la pepo. Fenomenolojia inaanzia hapo mliporuka.

Mtaala umeiweka kama ya nne katika orodha, ila kwangu ndiyo ya kwanza, na wala si aina ya tiba. Ni namna ya kutazama. Edmund Husserl, aliyezaliwa 1859 na kuanza kama mwanahisabati, alichoshwa na wanafalsafa waliobishana juu ya nadharia bila kutazama jambo lenyewe. Katika kazi aliyoichapisha 1900 na 1901 aliwataka warudi kwenye mambo yenyewe, yaani kwenye jinsi jambo linavyomjia mtu anayeliishi, kabla ya kuuliza limesababishwa na nini. Kwa mwalimu wake Franz Brentano alikuwa amejifunza kwamba fahamu daima ni fahamu ya kitu fulani: mtu hasikii tu, anasikia honi, hakumbuki tu, anamkumbuka mtu au mahali. Kwa hiyo ukitaka kumjua mzee, usichungulie ndani ya kichwa chake kana kwamba kuna kitu kimefichwa humo. Tazama pamoja naye kile anachokitazama.

Husserl alitaka pia tuweke kando yale tunayoyachukulia kuwa yanajulikana. Wanafunzi wengi wanakwama hapo, wakidhani kuweka kando ni kukanusha. Huombwi uamini kwamba hakuna sonona, wala mkewe haombwi aache kuamini uchawi. Unaombwa usilitumie jibu lako kwa muda, ili usikie. Mwaka 1913 Karl Jaspers, daktari kijana wa Heidelberg, aliiingiza tabia hiyo katika matibabu ya akili: daktari aeleze kwanza jinsi mgonjwa anavyoyaishi mambo yake, sababu zije baadaye. Na Ernesto Spinelli, mtaalamu wa huko London, aliifupisha kwa washauri nasaha katika kanuni tatu ambazo ningependa uende nazo barazani. Weka kando dhana zako. Eleza jambo lilivyo, usilitafutie sababu. Na usiamue mapema lipi ni kubwa na lipi ni dogo katika anayokueleza. Yachukue yote kwa uzito mmoja mpaka yenyewe yajipange.

Kanuni ya tatu ndiyo inayotushinda wengi. Wewe kama muuguzi umeshapanga: kutokula ni dalili, kutolala ni dalili, na kuvaa nguo ni habari ya ziada. Mimi kilichonisimamisha ni kuvaa. Mtu aliyekosa usingizi hujigeuza kitandani. Huyu anavaa. Anavaa nini? Shati lolote lililo karibu, au anachagua? Anavaa viatu? Akikaa barazani anaelekea upande gani? Treni anaisikia kweli, au anajua tu kwamba saa yake imefika? Na usiku ambao treni imechelewa, au haiji kabisa, yeye hufanya nini? Muulize haya polepole, moja leo na jingine siku nyingine. Na epuka "kwa nini". Swali la kwa nini humlazimisha mtu atunge sababu ili akuridhishe, wakati "ikoje" humrudisha kwenye jambo lenyewe.

Maurice Merleau-Ponty, Mfaransa, aliandika mwaka 1945 kwamba mwili haubebwi tu na akili kama mzigo. Una ujuzi wake. Mfano wake unaojulikana ni wa kipofu na fimbo: akishaizoea, haigusi tena fimbo, anagusa barabara kwa ncha ya fimbo. Mtu aliyefanya zamu za usiku miaka mingi ana mwili unaoijua saa tisa. Barua ya kustaafu imesomwa na kichwa, mwili haujapata nakala. Ikiwa ndivyo, kule kuamka si ugonjwa wala si jini, ni kazi inayoendelea bila mahali pa kufanyika.

Inawezekana pia ukimuuliza vizuri akakwambia kinachomwamsha ni mkojo. Usicheke. Mzee wa umri huo ana tezi dume, ana presha, huenda ana sukari na dawa ambazo hajamwambia mtu. Kutazama jambo lenyewe ni pamoja na hayo. Kwa hiyo kabla ya falsafa yoyote, apimwe. Na wewe umuulize waziwazi, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kama amewahi kufikia kutamani kufa au kufikiria kujitoa uhai. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Akikujibu ndiyo, hapo hakuna fenomenolojia: asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo aonwe na daktari. Sonona inatibika, dawa zake zipo, na mazungumzo na dawa havigombani.

Tuseme sasa amepimwa na hatari ya namna hiyo haipo. Ndipo udhanaishi unapoingia, falsafa inayouliza maana ya mtu kuwepo duniani. Kama ulisoma fasihi ya Kiswahili, neno hilo ulikutana nalo kwa Kezilahabi, na pengine ulibaki na picha ya watu wanaokata tamaa kwa ufasaha. Washauri wanalitumia kwa namna nyingine. Mizizi ni ile ile: Kierkegaard wa Denmark katika karne ya 19, Nietzsche, halafu Heidegger na kitabu chake cha 1927 kuhusu kuwepo na wakati. (Huyo Heidegger mwaka 1933 alijiunga na chama cha Wanazi. Namtaja ili usije ukadhani kufikiri sana juu ya kuwepo humfanya mtu awe mwema.) Ila walioipeleka falsafa hiyo wodini walikuwa madaktari, hasa Ludwig Binswanger wa Uswisi. Yeye alimtazama mgonjwa kama mtu anayeishi katika dunia tatu kwa pamoja: ya vitu na mwili, ya watu wenzake, na yake mwenyewe ya ndani. Baadaye Emmy van Deurzen akaongeza ya nne, ya imani na maadili anayoyategemea mtu.

Mweke mzee humo. Katika dunia ya vitu, amepoteza taa, kengele, daftari, baridi ya saa tisa yenye kazi ndani yake. Katika dunia ya watu, amepoteza wale waliomwita kwa cheo chake na abiria waliomuuliza treni imefika wapi. Pale Tabora hilo si dogo. Reli ilifika hapo 1912, miaka miwili kabla haijafika Kigoma, na njia ya Mwanza inachepukia hapo hapo. Mtu wa stesheni alikuwa mtu wa mji. Katika dunia yake ya ndani sijui, na wewe hujui, mpaka aseme. Ya nne ulizia pia. Anasali? Alikuwa anasali zamani? Nani alimfundisha kwamba mwanaume ni kazi yake?

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1980 kwamba kuna mambo manne ambayo hakuna mtu anayeyakwepa: kifo, uhuru, upweke na ukosefu wa maana. Wanafunzi huyakariri na kuyatafuta yote manne kwa kila mteja, jambo ambalo ni uvivu. Kwa mzee huyu mimi ningesikilizia uhuru kwanza. Utashangaa, kwa sababu tunamwambia mstaafu, "Sasa pumzika, uko huru," tukidhani tunampa zawadi. Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, alisema mtu amehukumiwa kuwa huru, na alichagua neno hukumu kwa makusudi. Miaka yote hiyo ratiba ilimwamulia mzee aamke lini na awe wapi. Sasa kila asubuhi ni yake, na hakuna anayemngoja popote. Anarudi kwenye saa tisa kwa sababu ndiyo saa pekee iliyobaki ikimwita. Hii ni dhana yangu, iweke kando ukifika barazani. Nimekuandikia uone tu jinsi wadhanaishi wanavyosikiliza.

Kuhusu Wazungu walioshiba: Viktor Frankl alikuwa daktari wa Vienna, Myahudi. Kuanzia 1942 mpaka 1945 alikuwa mfungwa katika kambi nne za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Baba, mama, kaka na mke wake wote walifia kambini. Mwaka 1946 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona huko, na fikra yake ni kwamba mtu anaweza kuvumilia mengi kama ana kitu kinachomdai aendelee. Maana, kwake, hupatikana kwa njia tatu: kwa kazi au jambo unalolifanya, kwa kumpenda mtu au kukipokea kitu kizuri, na kwa namna unavyosimama mbele ya mateso ambayo huwezi kuyaondoa. Mzee wako amefungiwa njia ya kwanza na huenda hajui kama zile mbili zipo.

Lakini angalia Frankl anavyotumiwa vibaya. Watu wanamgeuza kuwa yule mgeni wa msibani anayesema kila jambo lina sababu yake. Frankl hakusema hivyo. Anasimulia juu ya daktari mzee aliyefiwa na mke na kushindwa kupata nafuu miaka miwili. Frankl alimuuliza ingekuwaje kama angetangulia yeye, mke akabaki. Mzee akajibu kwamba mke angeteseka sana. Frankl akamwambia, basi mateso hayo umemwepusha, na gharama yake ni wewe kubaki ukimlilia. Yule daktari akampa mkono, akaondoka ametulia. Ni kisa kizuri, na nakuomba usijaribu kukiiga. Maana ile ilitoka katika jibu la mgonjwa mwenyewe. Ukimpelekea mzee maana uliyoitunga nyumbani kwako, umempa jibu la nne juu ya yale matatu.

Saikolojia ya kiutu nitaipitia haraka zaidi, kwa kuwa umeshaifanyia kazi bila kujua. Kila ulipofundishwa kumwita mtu mteja, kumsikiliza bila kumhukumu na kutomwamulia, ulikuwa unafundishwa fikra za Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na Abraham Maslow walianzisha kile walichokiita nguvu ya tatu, kwa sababu zile mbili zilizotangulia hazikuwaridhisha: uchanganuzi nafsi wa Freud, uliomwona mtu kama uwanja wa tamaa zinazopigana, na saikolojia ya tabia, iliyomwona kama mnyama wa kuzoeshwa kwa zawadi na adhabu. Jarida lao lilianza 1961. Rogers alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao vya ushauri, na mwaka 1942 alichapisha mazungumzo ya mteja mmoja tangu kikao cha kwanza mpaka cha mwisho, ili watu waache kubishana kwa kukisia. Mwaka 1957 aliandika kwamba mteja hubadilika anapokutana na mtu anayemwelewa kutoka pale alipo, anayemkubali bila masharti, na ambaye ndani na nje ni yule yule.

Hilo la mwisho lina kazi kwetu. Rogers alimaanisha mshauri asijifiche nyuma ya cheo. Akihisi kitu, anaweza kukisema. Wewe ni binti, na yeye ni mzee wa umri wa baba yako. Ukimwambia, "Naona una hasira," umevunja heshima na kikao kimekwisha. Sema, "Baba, mimi kama mwanao nikikusikia napata uchungu, sijui kama nimekuelewa." Ukweli ni ule ule, na mlango haujafungwa. Usiende usiku pia, hata kama ndiyo saa yake. Nenda alasiri mkewe akiwepo, pokea kigoda, ongea habari za mvua na mahindi mpaka yeye mwenyewe ageuze maneno. Baadhi ya wakufunzi wataita huko kupoteza muda wa kikao. Kwa mzee wa Unyamwezi kikao kinaanzia hapo.

Maslow ndiye anayestahili lawama yako kuhusu kushiba, lakini si lawama yote. Ile piramidi ya mahitaji ya binadamu, chakula chini na kutimiza uwezo wake juu, iliyomo katika kila daftari la mwanafunzi, hakuichora katika makala yake ya 1943. Ilichorwa baadaye na watu wa menejimenti. Hata katika makala hiyo alisema mpangilio wa mahitaji si mgumu kama unavyosikika. Piramidi ndiyo inayotuambia kwamba mwenye njaa hana habari za heshima wala upendo. Umewaona mwenyewe watu wanaochangia msiba wakati debe lao la unga liko chini. Kasoro ya kweli ya Maslow na Rogers ni kwamba kilele chao ni mtu mmoja anayetimiza uwezo wake, kana kwamba wenzake ni mazingira tu. Ukimpeleka mzee huko, ukamuuliza anataka kujifanyia nini yeye binafsi, anaweza kukuona hujalelewa. Muulize ni nani anayemhitaji bado. Swali hilo ni la kiutu vilevile.

Imebaki ya kuvuka nafsi, nayo naizungumza nikiwa na tahadhari. Maslow mwenyewe, hasa baada ya shambulio la moyo mwishoni mwa 1967, aliona kilele alichokuwa akikieleza hakitoshi: watu wengi hueleza nyakati ambazo nafsi yao si kitovu tena, katika sala, katika kuzaa, katika kukaribia kufa. Pamoja na Anthony Sutich, mtu aliyefanya kazi amelala kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekakamaza viungo vyake tangu ujana, akaanzisha jarida la pili mwaka 1969. William James alikuwa ameshayachunguza mambo hayo katika kitabu cha 1902 juu ya uzoefu wa kidini. Na Unyamwezi haikungoja yeyote kati yao: chama cha Waswezi kilikuwa na njia ya kumpokea mtu aliyepandwa na roho, kumpa jina na wenzake, badala ya kumwacha azurure.

Faida ya tawi hili ni kwamba linakukataza kuiona kila ndoto ya marehemu na kila sauti ya sala kuwa wazimu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 1994, uliongeza kipengele cha matatizo ya kidini au kiroho, yaani jambo linaloweza kumleta mtu kwa mtaalamu bila yeye kuwa mgonjwa wa akili. Hasara yake ni kwamba mlango umebaki wazi mno. Stanislav Grof, daktari aliyeanza na utafiti wa dawa ya LSD huko Prague, yeye na mkewe walibuni namna ya kupumua kwa kasi kwa muda mrefu ili mtu avuke hali ya kawaida. Mimi siwezi kuifanya, na kwa mtu mwenye presha, kifafa au historia ya kuchanganyikiwa ni hatari. Wewe tumia kiasi hiki tu: usimdhihaki mke kwa habari ya uchawi, na usimzuie mtoto kuomba. Muulize mke anaona nani angemroga mumewe na kwa kosa gani. Mara nyingi jibu hilo hukupa historia ya ukoo, ya kiinua mgongo kilivyogawanywa na ya nani hasalimiani na nani, kuliko fomu yoyote ya hospitali.

Kwa mtihani, mkufunzi akiuliza undugu uko wapi, mwandikie kwamba wote wanne wamekataa kumweleza mtu kwa sababu zilizo nyuma yake kabla ya kumsikia, kisha wakaachana njiani. Fenomenolojia ilibaki na namna ya kusikiliza. Wadhanaishi wakauliza mtu anakutana na nini kwa kuwa tu yupo. Watu wa Rogers wakauliza anahitaji kukutana na nani. Wale wa mwisho wakauliza kama mtu anaishia pale nafsi yake inapoishia. Ikosoe ile piramidi kwa mfano wa msiba, utapata alama. Kwa kusoma, anza na kile kitabu cha Frankl, ni kifupi. Fuata na cha Rogers cha 1961 juu ya mtu kuwa mtu, kisha Yalom ukishapata wateja kadhaa. Heidegger mwache mpaka umalize stashahada, na hata hapo si lazima.

Mzee apimwe wiki hii. Ukishazungumza naye, niandikie alivaa nini.